Kodi Tatu na Konda Mmoja: Jinsi ya Kutunga Wimbo wa Gita

Katika kila mtaa kuna kijana mwenye gita asiye na wimbo. Ukimwuliza, atakuambia anasubiri. Anasubiri nyuzi mpya, anasubiri programu ya kurekodia, anasubiri jirani ahame, na zaidi ya yote anasubiri hisia zije. Hisia zenyewe zimeshabisha hodi kwake mara nyingi, zikamkuta anatazama video ya mtu mwingine akipiga gita la bei kubwa kuliko pikipiki. Mwongozo huu ni wake. Nitamsuta humu ndani, maana nampenda na nataka atunge.

Vifaa tuvimalize haraka. Gita kavu lolote la nyuzi sita linatosha, hata la kuazima kanisani, mradi shingo haijapinda na nyuzi hazijainuka hadi kukata vidole. Programu ya bure ya simu itakusaidia kutyuni: uzi mnene kabisa ni E, unafuata A, kisha D, G, B, na mwembamba kabisa ni E tena. Lityuni kila unapolishika. Gita lisilotyuniwa huharibu kwanza sikio la mwenyewe, ndipo liharibu usingizi wa jirani, na sikio huwezi kwenda kuazima. Anayekuambia hutaweza kutunga bila maikrofoni, kompyuta na spika mbili, mwulize yeye ametunga nini.

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Katanga, ambao leo unaitwa Likasi, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana mmoja aitwaye Jean-Bosco Mwenda. Mwenda hakuja na bendi. Alikuja na gita moja, gumba la kushughulikia nyuzi nene, kidole cha shahada cha kuchezea nyembamba, na nyimbo za Kiswahili cha kwao. Kibao chake cha "Masanga" hadi leo kinawatoa jasho wapiga gita wa Ulaya na Marekani wanaojaribu kukifuata. Magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alipiga kwa namna iyo hiyo ya gumba na kidole, na katika mtindo wake wa omutibo mdundo uliwekwa na chupa ya Fanta iliyokwaruzwa kufuata mapigo. Chupa ya soda! Nawe unasema umekwamishwa na spika.

Kupiga kama wao kutakuchukua miaka, wala usianzie hapo. La kuchukua kwao leo ni dogo na linawezekana: mtu mmoja, gita moja, maneno ya watu wake, na wimbo wenye mwanzo na mwisho.

Sasa tumtazame mkusanya kodi. Huyu ana daftari lililojaa michoro ya kodi za gita, ana picha nyingine za kodi kwenye simu, na anaweza kukutajia majina ambayo hata fundi wa bendi angeyafikiria mara mbili. Mwambie atoke kwenye kodi moja aende nyingine bila kusimamisha wimbo. Atainama, atahesabu vidole, atakohoa, na wakati huo mwimbaji ameshafika kiitikio peke yake. Kodi usiyoweza kuifikia kwa wakati si yako bado, hata kama unaijua jina na ukoo.

Jifunze tatu: G, C na D. Nazo uzijifunze kwa njia hii, kwa sababu inamwondolea mwanafunzi nusu ya mateso. Nyuzi zinahesabiwa kuanzia mwembamba, huo ni wa kwanza. Mnene ni wa sita. Weka kidole cha pete kwenye uzi wa pili, freti ya tatu. Kiache hapo. Kwa G, kidole cha mwisho kikae uzi wa kwanza freti ya tatu, cha kati uzi wa sita freti ya tatu, cha shahada uzi wa tano freti ya pili. Ukitaka C, kidole cha kati na cha shahada vishuke uzi mmoja kila kimoja: cha kati uzi wa tano freti ya tatu, cha shahada uzi wa nne freti ya pili, na uzi wa sita usiuguse. (Hii ni C yenye sauti ya D juu yake, masikio yatakushukuru.) Kwa D, inua kidole cha mwisho, acha nyuzi mbili nene, cha shahada kiende uzi wa tatu freti ya pili, cha kati uzi wa kwanza freti ya pili. Cha pete kimekaa pale pale tangu mwanzo hadi mwisho. Vidole vingine vinajua kurudi nyumbani kwa sababu kimoja hakikutoka.

Ukiuliza kwa nini tatu na si saba, jibu ni la hesabu. G imebeba sauti za G, B na D. C imebeba C, E na G. D imebeba D, F kali na A. Ziweke pamoja: G, A, B, C, D, E, F kali. Hiyo ndiyo ngazi nzima ya sauti saba. Maana yake, sauti yoyote ya ngazi hiyo utakayoiimba, iwe ya juu au ya chini, mojawapo ya kodi hizi tatu inayo tayari. Kwa hiyo usiniambie wimbo wako umekosa kodi. Ukiona ngazi hiyo ni ya chini kwa koo lako, funga kapo, yaani kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya pili au ya tatu ipande. Penseli na kipande cha mpira wa baiskeli vinafanya kazi hiyo kwa gharama ya uvumilivu.

Tufike kwenye maneno, ambako maafa mengi hutokea.

Mtunzi mgeni akishapata kodi tatu, jambo la kwanza analotaka kuimba ni mapenzi. Sina ugomvi na mapenzi. Ugomvi wangu ni na mapenzi yasiyo na anwani: moyo unaungua, machozi yanatiririka kama mto, usiku halali, mchana hali, na katika beti zote hatujui mpendwa anaishi wapi, walikutana vipi, wala waligombania nini. Wimbo huo anaweza kuimbiwa mtu yeyote, na kwa sababu hiyo hakuna anayejisikia ameimbiwa. Linganisha na "Malaika", wimbo ambao Fadhili William aliurekodi miaka ya 1960 ilipokuwa inaanza, na ambao baadaye Miriam Makeba na Boney M waliupeleka duniani. Ni wimbo wa mapenzi, lakini tatizo lake lina jina: kijana anataka kuoa na mfuko hauna kitu. Kila mtu aliyewahi kupigiwa hesabu ya mahari anaelewa palepale. Au tazama "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa pwani ya Kenya, iliyotoka mwaka 1982. Teddy Kalanda Harrison aliichukua salamu ambayo mgeni hupewa anapofika na akaifanya wimbo. Hakupanda mlimani kutafuta ilhamu. Alisikiliza watu wanasemaje, naye akasikia kwamba tayari wanaimba.

Fanya hivyo hivyo. Ndani ya siku moja ya kawaida kuna sentensi ambayo umeisema kwa uchungu, kwa furaha au kwa hasira hadi ikapata mdundo yenyewe. Mimi nitatumia hii hapa, kwa sababu kila aliyepanda daladala au matatu anaijua: Konda, nipe chenji yangu.

Isome kwa sauti. Kon-da-ni-pe-che-nji-ya-ngu. Mizani nane. Hapo umeshaingia kwenye nyumba ya zamani sana, kwani mizani nane ndiyo kipimo cha mshororo wa utenzi. Mwana Kupona alimwandikia binti yake wosia kwa kipimo hiki katika karne ya 19, na tenzi tangu zamani zimekuwa za kughaniwa. Ubeti wa utenzi una mishororo minne. Mitatu ya kwanza inashirikiana kina, na wa nne unabeba kina chake chenyewe kinachorudi ubeti hadi ubeti. Kwa mtunzi wa gita hii ni zawadi ya bure. Kipimo kipo, mahali pa kuweka kiitikio papo, na sikio la msikilizaji limeshazoea tangu utotoni. Wapo wanaodharau mizani na vina, wanasema ni mambo ya mtihani. Wakiimba utawasikia wanavyokimbiza maneno kumi na manne kwenye nafasi ya sita, kama abiria wa saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa weka mkazo mahali pake. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, na wimbo unaokaza kwingine huwafanya wasikilizaji wakunje uso hata kama hawajui ni kwa nini. Hesabu mapigo manne, kila pigo libebe mizani mbili. Pigo litaangukia mizani ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. KON-da NI-pe CHE-nji YA-ngu. Kila mkazo umekutana na pigo lake. Sentensi hii ilizaliwa kuwa kiitikio, na makonda wetu wamehakikisha tunaifanyia mazoezi kila siku.

Tuijengee ubeti. Mkono wa haraka ungeandika mshororo wa pili hivi: "Waniambia subiri." Hesabu: mizani nane kamili. Iimbe: wa-ni-a-MBI-a. Mkazo umeangukia mizani ya nne, katikati ya pigo na pigo, nao unajikwaa. Fundi mzoefu anaweza kuuchezea huo ukawa utamu. Wewe bado, badilisha. "Unasema tu, subiri." U-na-SE-ma-tu-su-BI-ri. Mkazo wa tatu na wa saba, safi, na kina cha -ri kimebaki. Kazi ya kutunga kwa sehemu kubwa ni hii: kuandika, kuimba, kusikia kokoto mdomoni, kuitoa. Ubeti umekuwa hivi:

Tangu mwanzo wa safari,
Unasema tu, subiri,
Niko wima na tayari,
Konda, nipe chenji yangu.

Hauna machozi, hauna mto, na tayari tunamwona mtu amesimama karibu na mlango ameshika bomba, gari linapunguza mwendo, na konda anatazama barabara kama hamjui.

Kwenye gita, mshororo wa kwanza upige kwa G, wa pili C, wa tatu D. Wa nne ugawe: "Konda nipe" juu ya D, "chenji yangu" juu ya G. Kila mshororo unamaliza duru moja ya mapigo manne. Baada ya kila mshororo acha duru nzima bila kuimba, kodi ile ile ikiendelea. Gumba lipige uzi mnene wa kodi kwenye pigo la kwanza na la tatu, vidole vipapase nyuzi nyembamba kwenye la pili na la nne. Nafasi hiyo tupu ina faida tatu kwa mpigo mmoja: wewe unapata muda wa kuhamisha vidole, gita linapata zamu ya kumjibu mwimbaji, na msikilizaji anapata muda wa kuelewa alichosikia. Wageni huiogopa nafasi hiyo, wanaijaza "yee yee" na "oh mama". Iache. Konda mwenyewe anapenda kimya pale anapoulizwa chenji.

Tuni ya kuimbia usiitafute mbali. Sema kiitikio kama ungekisema kweli, mara ya tatu, konda akiwa bado anajifanya hasikii. Sauti inapanda mahali fulani na inashuka mahali fulani, fuata hapo. Anza kwenye sauti ya uzi wa tatu freti ya pili, panda kidogo ukitaka, kisha "yangu" ikashukie uzi wa tatu ukiwa wazi, yaani G yenyewe. Utasikia wimbo umefika nyumbani. Sauti tano au sita zinatosha wimbo mzima. Wenye koo la kupanda hadi darini wasitulazimishe sote kupanda nao, maana wimbo huu tunataka watu waimbe.

Na hapa ndipo msimamo wangu wote ulipo. Wimbo mwepesi unapimwa kwa kuitikiwa. Aliyesoma shule Tanzania akakimbia mchakamchaka asubuhi anajua hili kwa miguu yake: mmoja anaanzisha, wengine wanapokea, na hakuna aliyegawiwa karatasi ya maneno. Harusini ni hivyo, ngomani ni hivyo, kanisani na kwenye maulidi ni hivyo. Mtunzi anayeanza akitoka na wimbo ambao yeye peke yake ndiye anayeweza kuuimba, mwanzo hadi mwisho, ameandika barua ya siri akaisoma hadharani.

Kwa hiyo uimbe mbele ya watu, hata wawili, dada na mpangaji wa chumba cha pili. Usiwaulize wameonaje. Watasema mzuri, kwa sababu wana adabu na wanataka kurudi kwenye shughuli zao. Watazame midomo. Ukifika ubeti wa pili, mtu akisema "chenji yangu" pamoja nawe bila kuombwa, wimbo upo. Wasipoitikia, usiwalaumu kwamba hawajui muziki. Rudi kwenye mshororo wa nne. Huenda ni mrefu, au mkazo umepotea, au umesema jambo ambalo hakuna mtu anayelisema.

Ubeti wa pili nao una mtego wake. Watunzi wengi wageni huandika ubeti wa kwanza mara mbili, mara ya pili kwa kulia zaidi. Ubeti wa pili usogeze gari mbele:

Abiria wanacheka,
Noti bado umeshika,
Na dereva aondoka,
Konda, nipe chenji yangu.

Noti ile ile ambayo konda ameikunja kwa urefu na kuibana katikati ya vidole pamoja na za wenzako, tumeiona. Kiitikio ni kilekile, ila sasa kina haraka, maana gari linaondoka. Hivyo ndivyo marudio yanavyopata uhai: maneno hayabadiliki, hali ya anayeyasema imebadilika. Na ukitaka kumaliza kwa kicheko, kiitikio cha mwisho badilisha neno moja tu: "Konda, kesho chenji yangu." Mizani nane, mikazo minne, na abiria ameshuka bila kitu. Msikilizaji aliyekwisha kujiandaa kuimba "nipe" atacheka mwenyewe.

Wimbo ukishakamilika, uandike daftarini na tarehe, jina lako na majina ya walioshiriki, kisha uurekodi kwa simu siku hiyo hiyo. Usilione hili kuwa dogo. Kuhusu "Malaika" uliotajwa hapo juu, hadi leo watu wanabishana nani aliyeutunga. Yapo majina mengine yanayodai pamoja na la Fadhili William. Tanzania Bara ipo COSOTA, Zanzibar ipo COSOZA, Kenya ipo KECOBO, na ofisi hizi za hakimiliki zipo kwa ajili ya kazi kama yako. Wanaosema wimbo wa kodi tatu hauna thamani ya kusajiliwa ndio hao hao utakaowasikia wakiuimba kama wao.

Kisha tunga mwingine. Usitumie mwaka mzima kuung'arisha huu, ukiongeza kodi ya nne, utangulizi wa dakika moja na mwito wa rafiki yako anayerap. Umejifunza ulichoweza kujifunza kwa konda. Kesho kuna mwenye nyumba, kuna umeme uliokatika katikati ya mechi, kuna bibi anayekupigia simu akakata ili wewe upige. Kila mmoja wao ana sentensi yake ya mizani nane, tayari imeshapigwa msasa na midomo ya watu.

Ubeti wa tatu wa konda sijauandika. Unahitaji mishororo mitatu yenye kina kimoja, kila mmoja mizani nane, mkazo kwenye ya saba, halafu "Konda, kesho chenji yangu." G, C, D, na kidole cha pete kisihame. Uandike wewe, leo, kabla hujafungua video nyingine, umwimbie mtu wa kwanza atakayeingia mlangoni.